Mbao mbili ya terasi ya Ibanda

Tonton,

Niko na hasira. Nakuambia mbele ya salamu, juu unanijua, nikianza na salamu nitaishia ku salamu.

Terasi ilivunjika. Ile sakafu yako ya mbao, mu jardin, bustani ya patroni wetu kule Ibanda, chini karibu na ziwa, yenye ulifunga na mukono yako, tukaichunga miaka saba, miye na weye. Na banasema ni weye njo uliiharibisha.

Ngoja nikueleze polepole.

Wakati ulikufa, nilibakia na ile kazi peke yangu, nikaifanya vile ulinionyeshaka. Mu mvua, kila asubui nachokoa majani ya avoka katikati ya mbao na kile kisu chako cha kuvunjika, maji ipate fasi ya kupita. Fasi yenye inageuka kijani na utelezi, nasugua na brosi na muchanga. Mafuta, hapana. Mafuta ulikatazaka mpaka mwezi ya sita, jua ikiisha kuwaka juma mbili. Pale njo ulikuwa unadondosha maji ku mbao na kidole, unachuchumaa, unangoja. "Ikikunywa, uipe. Ikikataa, uiache." Mara ya kwanza nilicheka, juu ulikuwa unaiongelesha sawa ngombe.

Basi, ulikuwa hata haujamaliza miezi ine mu udongo, mama mwenye nyumba akasema binti yao anatolewa dote, ile mahari, bageni batakaa ku terasi, anataka ingae. Akaleta fundi wa verni, ile rangi ya kungarisha mbao. Mvua ilikuwa imenyesha asubui, na ingine tulikuwa tunaiona inakuja juu ya ziwa. Ule fundi akapangusa mbao na kitambaa, akaanza kupakaa. Nilimukaribia nikamuambia, na hii sauti yangu ndogo unaijua, kama mbao ingali na maji ndani. Akaniangalia kuanzia ku miguu.

"Weye wa majani, kata majani."

Benzake bakacheka. Nikaenda kukata majani. Hiyo unisamehe, Tonton.

Ikangaa kweli. Mama mwenye nyumba akapiga foto. Mwezi ya sita ilifika, nikadondosha maji yako, ikabakia pale juu, mviringo, inaniangalia. Nikasema ndani ya roho, imekataa, niiache. Sikujua kama ni verni njo ilikuwa inakataa, na mbao chini inalia. Na mwaka yenye ilifuata, vile vile.

Sasa huu mwezi, bakwe ya ule binti balikuja kuona mutoto. Tonton, mujomba ya bwana yake, mutu munene, akapita na kreti ya bia mu mikono. Mbao ikamumeza mpaka ku paja. Hakuumia, pantalo tu, na chupa mbili. Lakini ile haya. Bote banaangalia patroni. Na patroni, mwenye alikuwa anakuita "papa yangu", mwenye alilia ku kilio yako mpaka bakamushika, akasema mbele ya bote: "Marehemu alitufungia mbao ya kuoza."

Bakaitika na kichwa. Mufu hana mudomo, nani atamubishia?

Siku ya yenga, jumapili, habari ilikuwa imefika kwenu Bagira. Ku mulango ya kanisa, mama moja akauliza bibi yako wa ndoa, maman Furaha, kama ni kweli ulikuwa unauzisha mbao ya muzuri na kufunga ya mubaya. Na alimuuliza na kicheko. Kuanzia ile siku bibi yako hakuuza tena samaki yake ya sambaza ku mulango ya nyumba. Ananunua kila kitu jioni, kichwa ndani ya kitenge, sawa mutu mwenye aliiba. Weye, mwenye ulirudishaka misumari yenye ilibakia.

Sikulala muzuri. Nikakumbuka, ku terasi, ile banc, benchi nzito ya simenti, yenye ule fundi alishindwa kusogeza. Chini yake alipita bila kupakaa. Mbao ine. Na ile ine, kila mwezi ya sita, nilikuwa naitia mafuta na mukono chini ya banc, juu weye haukuachaka kona.

Asubui nikafungua visi, ile misumari ya kuzungusha, na turnevisi. Mbao moja ya chini ya banc, moja ya katikati. Nikazilalisha mbele ya gari ya patroni akiwa anatoka. Nikamuomba asindike ufunguo yake ndani. Ku ile ya verni ikaingia sawa mu bugali. Ku ingine ikakwama.

Nikasema: "Patroni, zote mbili ni mukono moja, siku moja. Hii ni ya marehemu. Ile muliifanya ninyi."

Akaniambia iko sawa, amesikia, lakini tuiache hapo, mama mwenye nyumba asijue, na marehemu sasa jina itamusaidia nini. Jina itamusaidia nini. Tonton, nilikuwa na turnevisi mu mukono, nikaiweka mu mufuko.

Akasema tena nilete ule fundi, arudishe verni mbele ya batizo ya ule mutoto. Nikamuambia hapana. Nitangoja jua. Sijui hiyo sauti ilitoka wapi. Bado hajanifukuza.

Mbao zote mbili nilizibeba ku moto, ku pikipiki, mpaka Bagira. Ya kuoza niliisimamisha ku ukuta wa nyumba yako, na musumari ndani, kila mutu aone vile unaingia na kidole. Ya muzima niliifungia miguu ine. Ni meza ya sambaza ya bibi yako. Jana alirudi ku mulango. Ule mama wa kanisa alikuja wa kwanza. Maman Furaha alimupimia samaki, akamuonyesha ukuta na kidevu.

Lala, Tonton. Mwezi ya sita nitakwangua verni yote, mbao kwa mbao, kisha nitachuchumaa na maji ku kidole. Sitaweka kitu mpaka ikunywe.

Ni miye, wa dada yako.