Mswaki wa Umeme Alioninunulia Mume Wangu Anautumia Mama Mkwe

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijaumbuka, maana mimi ni fundi cherehani na nina tabia ya kukata uzi kwa meno, na miezi mitatu iliyopita nikimalizia gauni jeupe la bibi harusi niliona tone la damu limeanguka kifuani mwa gauni, damu ya fizi zangu mwenyewe, ambazo zilikuwa zikivuja kila asubuhi nami natema na kunyamaza. Tone lilitoka kwa maji baridi, lakini mume wangu, ambaye ni fundi umeme, alinikuta nalia, na wiki iliyofuata akaja na mswaki wa umeme, akanipeleka na kwa daktari wa meno, nikasafishwa, nikafundishwa kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea.

Sasa tunaishi na mama mkwe, ambaye tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia unaweza kushika kitu kinene lakini hauwezi kusugua, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nikimsafisha kinywa, mlango tumeufunga, naye kafumba macho kwa aibu. Siku moja nikabadilisha kichwa cha ule mswaki, nikamshikisha, nikauwasha. Akashtuka, kisha akaupeleka mwenyewe kinywani, jino kwa jino, nami nimesimama tu na taulo. Alipomaliza akaniambia, "Mwanangu, leo nimepiga mswaki mwenyewe." Mshauri, nikamfuta mdomo kwa lile taulo.

Basi ukawa wake, ila akaniomba nisimwambie mwanawe, hataki ajue kwamba alikuwa akioshwa kinywa. Mimi nikanunua mswaki wa kawaida, ule laini, nikafuata mafundisho. Baada ya wiki sita tukaenda mimi na mama kwa daktari, akatushikia kioo, na fizi zangu zilizokuwa nyekundu kama nyama mbichi zimetulia, na za mama vilevile, mtu wa miaka sabini na tatu. Daktari mwenyewe alipima mara mbili. Mpaka leo nastaajabu, mwili tulioutesa miaka yote hiyo unawezaje kusamehe kwa wiki sita tu?

Shida ni kwamba mume wangu anaamini mashine yake ndiyo iliyoniponya, anaitangaza kila nyumba anayokwenda kufunga waya, na wiki iliyopita akaukuta mswaki wangu wa kawaida kwenye droo ya nyuzi, akauliza ni wa nini, nikasema wa kusafishia cherehani, naye kwa mapenzi yake akauchovya kwenye mafuta akanisafishia cherehani nzima. Nifiche hadi lini? Na kweli, mswaki upi ndio bora?

Mimi, Fundi Mwenye Siri

Fundi, hapo kwenye mafuta nimecheka. Hapo mama alipopiga mswaki mwenyewe nimesoma mara tatu, na ndiyo maana nakukaripia kwa sauti ya chini.

Mumeo hawadanganyi watu: tafiti zinaonyesha wa umeme huondoa utando wa meno na kupunguza uvimbe wa fizi zaidi kidogo kuliko wa mkono. Lakini mswaki laini wa kawaida, ukiulaza ukingoni mwa fizi na kuusogeza taratibu kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, unafanya kazi, na fizi zako ni shahidi. Kwa mkono uliodhoofika kama wa mama, wa umeme si anasa. Wote wawili msikandamize kama mnakwangua sufuria, na katikati ya meno pitisheni uzi wa meno, kwa sababu mswaki wowote ule haufiki huko. Damu ikirudi, nenda kwa daktari. Ile ya kutema na kunyamaza ilikaribia kukung'oa meno. Na makasi unayo, yatumie.

Sasa huo uongo. Aibu ya mama ni siri ya mama, usiitoe. Lakini mswaki uko kwa nani, hilo mumeo anastahili kulijua. Kaa na mama leo, mwambie umechoka kudanganya, umwachie yeye achague maneno ya kumwambia mwanawe. Akikubali, asubuhi mwite mumeo mlangoni mama akiwa mbele ya kioo. Usimweleze chochote. Mwanamume aliyekuona unalia akatoka kutafuta dawa bila kuombwa hatauliza zawadi yake imekwenda wapi. Ataona mkono wa mama yake unafanya kazi. Wewe ondoka, waache.