Pumzi ya Aya Ndefu

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeificha nyumba nzima kwamba nilipimwa mara mbili. Wanajua kipimo cha kwanza tu.

Asubuhi kama kawaida. Binti yangu Rukia amenifunga vifungo vya kanzu. Vidole vyangu vimekakamaa, ngozi imebana kama ya ngoma. Mvua ikinyesha vinageuka bluu kwa baridi. Mdomo umesinyaa, kijiko cha uji kinaingia kwa upande. Nimechoka kulishwa.

Jumatano, 17 Aprili

Bado wanakishangilia kile kipimo cha kwanza, cha kupuliza. Nilibanwa pua, nikauma bomba, yule binti wa maabara akapaza sauti: "Toa, Hajji! Toa, toa, toa!" Mimi nikatoa taratibu, kwa kujipimia, kama nasoma Kurani. Akacheka. "Hatuko msikitini, Hajji. Puliza kama una hasira." Hasira ninazo. Majibu yakawa mazuri.

Kwetu pumzi ndiyo afya. Tangu wazee wetu watoke pwani kuja kufanya biashara huku bara, msomaji wa Kurani hupimwa kwa aya ndefu. Akiifikisha mwisho bila kukata, ni mzima. Basi Rukia akapika pilau. Mdogo wangu Shabani hukata aya katikati. Nilimwambia mbele ya wageni, "Nenda nawe ukapimwe, mashine itakuhurumia." Wakacheka. Naye akacheka.

Jumamosi, 20 Aprili

Niandike hicho kipimo cha pili. Nilikwenda peke yangu. Unavuta gesi kidogo, unaibana kifuani, unaiachia. Mashine inaangalia kiasi gani kimepita kwenye damu. Kubana pumzi! Kazi ya maisha yangu. Nilitoka najisifu.

Kilichopita kilikuwa kidogo mno. Mapafu yanajaa, alisema daktari, lakini damu haipati chake. Kwa mwenye ugonjwa huu wa ngozi kukakamaa, hapo hushukiwa presha ndani ya mishipa ya mapafu. Moyo unasukuma mpaka unashindwa. Nipigwe picha ya moyo upesi ili wahakikishe. Dawa zipo. Sala nisiongoze tena, niswali kwenye kiti.

Nilifundisha biolojia hadi nilipostaafu. Mapafu nimeyachora ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Sina udhuru.

Rukia nilimwambia nilikuwa kwa rafiki, mtaa wa Kansanga.

Ijumaa, 26 Aprili

Ngazi za msikiti. Mtaa wetu wote wa Kisenyi unapita pale, mafundi wa gereji, Wasomali wa maduka ya jumla. Katikati ya ngazi kifua kiligoma. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

"Kaka," akasema Shabani nyuma yangu, "viatu hivyo havina kamba."

Namchukia anapokuwa mpole.

Jumapili, 28 Aprili

Alfajiri, baridi. Niliongoza. Aya ndefu ikanikatikia katikati. Imamu akikwama, maamuma humkumbusha. Shabani akanisomea iliyobaki. Watu wakadhani nimesahau. Sikusahau neno. Sikuwa na hewa ya kulitamka.

Baadaye akaja chumbani kwangu. "Kaka, Ramadhani iko mlangoni. Tarawehe niachie mimi, upumzike."

"Subiri nife kwanza."

Rukia alikuwa mlangoni na chai. Akaiweka, akatoka bila salamu.

Jumanne, 30 Aprili

Miguu imevimba. Rukia ameiona. Ameuliza mara moja tu, "Baba, unanificha nini?" Nikamkaripia. Mtu mzima, nimemkaripia kama mtoto. Nilichoshiba leo ni aibu.

Ijumaa, 3 Mei

Jana nilimwambia Rukia yote. Hakulia. Alipiga simu papo hapo. Jumatatu napigwa picha ya moyo, naye atakuwepo. Aliuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema sikutaka kumlemea. Uongo mwingine, wa mwisho nadhani.

Leo niliswali kwenye kiti, pembeni mwa safu. Shabani aliongoza. Alipofika kwenye aya ndefu alisimama pale panaporuhusiwa, akavuta pumzi bila haraka, akaendelea. Hakuna aliyekohoa. Fundi mmoja wa gereji alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye grisi.

Sikuogopa kufa. Niliogopa kiti hiki, na kumsikiliza mpaka mwisho.

Shabani anasoma vizuri kuliko mimi. Nilijua tangu tukiwa vijana.