Zana za Kaka Yako Zina Mwenyewe

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko uliko? Mgongo umekuachia, au bado unaamka nao? Sisi wazima. Usingizi wangu umeanza kurudi, ingawa asubuhi bado natoa vikombe viwili vya chai, kisha nakirudisha kimoja kabatini.

Barua yako niliisoma mara tatu. Unashauri tuuze zana za marehemu kaka yako na tufunge karakana, kwa kuwa binti yake bado msichana mdogo na kazi ya mafriji ni ya wanaume. Nilikawia kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Friji ya chanjo ya zahanati ilisumbua mwezi mzima. Inapoa vizuri, ghafla inaacha; ikizimwa ikapumzika, inapoa tena. Fundi mmoja alikwisha kuiongezea gesi mara mbili. Jumanne muuguzi mkuu alihamishia chanjo kwenye makasha ya barafu, na barafu nayo ikaanza kuyeyuka. Ndipo akamwita binti yetu. Nilimsindikiza, nimembebea mkoba.

Yule fundi alikuwepo. "Mama, umemleta mtoto acheze?"

"Kaka, ingekuwa gesi imepungua, isingerudi kupoa ikipumzika," binti akasema. "Humo mna maji."

"Maji! Kwenye mabomba yaliyozibwa? Haya, tuchotee tunywe."

Binti aligusa mabomba kwa mgongo wa mkono, kama baba yake, akaomba taulo na maji ya moto.

Unakumbuka kaka yako alivyomfundisha binti akiwa darasa la tatu? Alimpaka spiriti kiganjani, akamuuliza baridi imetoka wapi. "Haikutoka popote, baba. Spiriti imekauka, ikaondoka na joto langu." Friji nayo ni hivyo hivyo. Kompresa inaibana gesi mpaka inapata moto. Kule nyuma inatoa joto lake, inageuka kimiminika. Ikipenya bomba jembamba na kukuta nafasi, inachemka na kuwa gesi tena, na joto la ndani inalichukua. Sasa tone la maji likiwa limejipenyeza humo, linaganda pale pale mdomoni mwa bomba na kuziba njia. Ukizima, linayeyuka.

Binti alizungushia taulo la moto mahali hapo. Mara, shiii! Gesi ikapita. Muuguzi akapiga makofi. Fundi alijikuna kichwa, kisha akainama kumshikia binti tochi wakati anabadilisha kichujio, ananyonya unyevu wote kwa pampu na kutia gesi mpya. Barafu ya mwisho haijaisha, chanjo zikarudi ndani. Ni siku ya tano leo, na friji haijaacha kupoa.

Nililia pale pale, shemeji, na si kwa huzuni. Laiti baba yake angemwona.

Basi nisamehe, zana haziuzwi. Zina mwenyewe. Kibao cha mlangoni nimekiacha na jina la kaka yako. Chini yake nimemwambia binti apake rangi maneno mawili: "na Binti".

Msalimie mkeo, na yule mjukuu mwenye mapengo. Mungu akupe mgongo wa kuwabebea wote.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja. Asubuhi ukinywa chai, unikumbuke.