Fundi Kufuli, Uliyengojwa Getini na Kiherehere

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu usiinuke tena. Watu wakiniuliza hali nawajibu sijambo, lakini wewe unanijua nikidanganya.

Miaka thelathini na moja ulifungulia watu milango. Mtoto akijifungia ndani na mama yake yuko nje analia, wewe ulikuwa unapiga magoti, unapiga soga na mtoto kupitia tundu la ufunguo mpaka acheke, huku mkono unaendelea na kazi. Hukuwahi kumharakisha mtu. Nyumbani sasa, ulikuwa msahaulifu wa kutupwa. Ulitafuta kofia nyumba nzima na umeivaa kichwani.

Halafu ukatuletea yule mbwa. Mteja wako alikuwa anahama, akakuachia, ukamleta nyumbani ndani ya koti, kichwa kimechomoza kama brashi ya kusugulia sufuria. Ulisema ni chotara wa teria, wale mbwa wadogo wa kuwinda panya. Nikasema huyu ni chotara wa kelele, maana alimbwekea postamani, akabweka mlango ukifungwa, akabweka jirani akipiga chafya. Binti yetu mkubwa akamwita Kiherehere, jina likakaa.

Ulinieleza mambo yake, nami nikawa naitikia tu huku nachambua mboga. Laiti ningesikiliza. Kwamba manyoya yake yasipochanwa mara tatu kwa wiki yanajisokota mpaka ngozi inavutika. Kwamba ya machoni yapunguzwe kwa mkasi wa ncha butu, masikio yakaguliwe, kucha zisiachwe ndefu. Chakula kidogo, mara mbili, kwa kipimo, hata akikuangalia kwa huruma namna gani. Matembezi asubuhi na jioni, na kamba usiiachie, kwa sababu akiona panya hata jina lake halijui tena. Asipochoka atachimba, na bustani yangu ya nyanya ni shahidi. Ukasema ni mkaidi, hagombezwi, anabembelezwa. Nikakuambia basi mmepatana, ukacheka sana siku ile.

Tulipokuzika, alikaa getini. Kila siku ikikaribia saa kumi na moja, saa yako ya kurudi, alikwenda kukaa pale na chakula hakigusi. Kutoka kilo saba akabaki na tano. Nikimshika nilihesabu mbavu.

Jioni moja mdogo wako akaja kutuona akitokea dukani kwako, ile pete yako kubwa ya funguo inaning'inia kiunoni mwake. Kiherehere akazisikia zinalia toka mbali. Akaruka, akazunguka, akalia kwa furaha. Akamnusa shemeji miguu yote miwili, akatazama nyuma yake barabarani, akangoja kidogo. Kisha akaingia ndani, akala sahani nzima. Tukasema alhamdulillahi, dawa tumeipata.

Basi tukaweka zamu ya kuja getini na funguo, mume wangu. Miezi mitano. Mara shemeji, mara kitindamimba wetu, mara mimi. Siku ya zamu yangu nilitokea mlango wa nyuma, nikazunguka uzio, nikasimama nje ya geti langu mwenyewe na kutikisa funguo. Nikiri hapa mbele za watu kwamba nilizitikisa kupita ilivyohitajika. Na siku za zamu ya wengine, nikizisikia kutoka jikoni, moyo ulinipiga, na mara mbili tatu nilijikuta nimetoa sahani yako kabatini.

Alikula, ndiyo. Lakini akaanza kukaa getini tangu mchana, kisha tangu asubuhi, anakwaruza bati mpaka vidole vikatoka damu. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole. Binti zetu wakamweleza habari ya funguo, wakijisifu kidogo. Aliendelea kumfunga vidole bandeji, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, kila jioni mnamwambia amekuja. Na kila jioni anafiwa upya."

Nilimchukia yule daktari wiki nzima. Alitaka funguo zisisikike tena pale nyumbani, na saa ile ya kungoja apewe shughuli nyingine, la sivyo atakufa. Mimi niliona wananinyang'anya kitu cha mwisho. Binti zetu wana nyumba zao. Akifa naye, ningebaki na redio. Nikampa shemeji funguo azirudishe dukani zikae huko.

Sasa ikifika saa kumi nafunga kamba ya Kiherehere tunatoka, mimi niliyekuwa nasema kutembeza mbwa ni kazi ya wasio na kazi. Siku za kwanza alinivuta kurudi nyumbani, bega likaniuma. Tukirudi nambembeleza akae juu ya kreti, namchana, nampunguza manyoya ya machoni. Upande mmoja bado mrefu, ungenicheka. Namsimulia mambo ya siku nzima, kwa sababu hakuna mwingine wa kumsimulia. Amefika kilo sita na nusu.

Jumanne iliyopita saa kumi na moja ilimkuta amelala chali kwenye zulia, tumbo juu, anakoroma. Getini hakwenda. Daktari akapiga simu kumjulia hali, nikamwambia amepona. Akanipongeza, nikamshukuru. Sikumwambia kwamba simu yake ilinikuta nimesimama getini.

Unakumbukwa na mabinti zako wawili na waume zao, wajukuu zako watatu, mdogo wako anayeliendesha duka, na mimi mkeo.

Kukusahau hatutakusahau, baba watoto. Ila kukungoja, nimebaki peke yangu.