Jina Lako Kwenye Kanda ya Baba

Manundu, Korogwe
14 Mei 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kwa vumbi la huku. Mgongo wako unaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa Dominiko fundi baiskeli imekufikia, au ameipitisha kwanza kwa mama yake? Wanaotoka Kwamsisi wameniambia mvua imekatika na mahindi yamekauka yakiwa kwenye mbelewele. Poleni sana.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma kwa hasira. Unasema ukitoka eda utakubali kurithiwa na baba mdogo Sadala, kwa sababu marehemu baba alikutaja kwenye wimbo wake wa mwisho, na Sadala amesema mume anayemtaja mkewe huku kifo kikimsubiri amemkabidhi kwa ndugu zake. Umelia, umeamini, umekubali. Chumba nilichokuandalia hapa unataka nimpangishe mtu. Mama, barua hii isome mwenyewe kwa ile elimu yako ya watu wazima, hata ikikuchukua siku nzima. Usimpe mtu akusomee.

Unaandika kwamba baba alinipenda, ndiyo maana akanifundisha muziki. Ulikuwepo, kwa hiyo sijui unamdanganya nani. Alinifundisha ngoma kwa kuwa hukumzalia mtoto wa kiume, na alilisema hilo mbele ya wageni huku wewe ukiwapakulia ugali. Nikikosea pigo alinigonga vidole kwa kile kile kijiti cha kupigia. Gitaa lake la zamani, la bendi ya mashamba ya mkonge, alinipa baada ya nyuzi mbili kukatika, akasema kwa mtoto wa kike zilizobaki zinatosha. Zumari nilijifunza shambani kwa kujificha. Kinanda nilifundishwa na Sista Josefina nilipokuja kusoma Korogwe, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia nimepiga vizuri. Nililia mpaka akadhani naumwa.

Ilipokuja ruksa ya biashara, Isihaka wa dukani akaanza kuleta vinanda vya umeme na mashine za kurekodi kutoka Dubai. Nikauza ile cherehani uliyonipa ili niwe fundi nguo, nikanunua mashine. Zamani mwanamuziki wa huku alisubiri aitwe Dar es Salaam ndipo sauti yake iingie redioni. Mimi nimebandika trei za mayai ukutani na kutundika mablanketi mlangoni, na nikikosa wapigaji napiga vyombo vyote mwenyewe, kimoja baada ya kingine, mashine inaviunganisha. Kanda zangu zinauzwa stendi. Waimbaji wanatoka mpaka Kang'ata kuja kwangu, na hakuna mwanamume anayeniambia nianze lini na niishie wapi.

Baba naye akaja, uvimbe wa koo ukiwa umeshamkondesha. Pongezi hakutoa. Aliziangalia trei za mayai akauliza kuku wako wapi, wateja wangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha akaimba. Nisimsingizie, aliimba kuliko wote walioingia chumba kile, na nilimchukia kwa hilo. Desturi ya kikundi chao unaijua. Kwenye ubeti wa mwisho mwimbaji anaaga, anawataja watu wake kwa majina yao hasa: mama mzazi, marafiki, na mwisho kabisa mwandani wake.

Hapo pa mwandani hakukutaja wewe. Alimtaja Efrazia, yule mama wa nyumba za wafanyakazi wa umeme kule Hale, uliyekuwa ukimfungia mahindi mabichi ukidhani ni mke wa rafiki yake. Alimtaja mara tatu, kwa sauti ya upole ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuisikia ndani ya nyumba yetu. Nilimuuliza kama hajasahau mtu. Akasema wimbo umekwisha, nizime mashine.

Alipofariki ukaniomba hiyo kanda, isikilizwe siku ya arobaini baada ya dua. Sikuwa na moyo wa kukupa ile. Nikatafuta jina lako ili nilipachike pale. Nilisikiliza kanda zote alizowahi kuimba, na humo hukuwemo. Nyumbani alikuita Mama Shamimu, kama waume wote wanavyowaita wake zao kwa jina la mtoto. Jina lako mwenyewe lilimtoka akiwa amekasirika tu. Nikalipata mwishowe kwenye kanda ya mazoezi yetu ya ngoma, niliyoirekodi kwa redio kaseti nikiwa msichana. Nikalitoa humo, nikaliweka mahali pa Efrazia mara tatu, na juu yake nikapuliza zumari ili ukali wa sauti usisikike. Siku ya arobaini watu walilia, na wewe ukaanguka ukazimia.

Mama, jina unalolilia ndilo hilo. Siku ile ya mazoezi maji yake ya kuoga yalikuwa yamechelewa. Alisema, we Mwantumu, mbwa wewe, maji yako wapi. Baada ya hapo linasikika kofi, kisha wewe ukimwomba radhi, kisha ngoma inaendelea, kwa sababu aliniambia niendelee kupiga. Kwenye kanda niliyofunga pamoja na barua hii nimeweka kipande chote, bila zumari. Azima redio kwa jirani, usikilize kabla hujamjibu Sadala.

Najua nimekuumiza. Nilikudanganya kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayokupeleka kwa mwanamume mwingine wa ukoo ule ule. Chumba sijampangisha mtu, na kitanda nimeshatandika.

Shangazi na majirani wote wape salamu zangu, na mgongo usiulazimishe jembe. Lakini kama utaisikiliza kanda hii mpaka mwisho na bado ukamkubali Sadala, usiniandikie tena. Nitahesabu nimefiwa na wazazi wote wawili.

Mwanao akupendaye,
Shamimu Mhina