Mkoba wa Ngozi Mlangoni kwa Dada Hansa

Alhamisi. Sanyuanli, mtaa wetu huku kwa Wachina, leo kuta zinatoa jasho, nguo nilizofua juzi bado mbichi, na mimi nimevimba kwa hasira tangu saa tisa mchana.

Nilianza kumkasirikia mtu mmoja, nimeishia kwa mwingine.

Dada Hansa ni Mhindi wa Dar, mzaliwa wa Upanga. Hapa milango yetu inatazamana. Nikienda soko la Shiling kununua mikoba ya kupeleka nyumbani, yeye ndiye anakaa na binti yangu Nasra akitoka shule. Miaka miwili sasa, hajawahi kunidai hata asante. Wiki hii kamsaidia kazi ya darasani: kila mtoto aeleze wafuasi wa kwanza wa dini isiyo yake. Nasra kachagua Ujaini, dini ya Dada Hansa.

Nikasema leo nimshukuru kiutu uzima. Nikamchagulia mkoba wa ngozi halisi, si ile ya kuigiza ninayowapelekea wateja wangu Kariakoo. Nikagonga. Akautazama, mikono kaiweka nyuma.

Nikajua anadhani ni feki. Basi nikatoa kiberiti cha gesi, nikaunguza ncha ya mkanda, kama tunavyofanya madukani tusibambikiwe. Ngozi ya kweli hunuka nywele zilizoungua.

"Nusa mwenyewe, Dada Hansa. Mnyama kabisa huyu."

"Mama Nasra, naomba nifunge mlango." Akafunga.

Nikawaka. Mimi wa kufungiwa mlango usoni? Nikaingia ndani namsema: maringo, dharau, kila kitu. Nasra akaweka kalamu chini.

"Mama, siku tatu nakusomea. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Nikamwambia asinijibu hivyo. Lakini kasema kweli. Siku tatu yeye anasoma, mimi nafunga maboksi, najibu ee, ee, endelea mwanangu.

Nikamwambia asome tena. Safari hii nikakaa kitako.

Kumbe hawa watu, tangu zamani hizo kule India, hawataki kuua hata mdudu. Jembe linaua vilivyomo udongoni, ndiyo maana wengi wakaingia kwenye biashara. Wachuuzi kama mimi. Dini yao ikatembea na misafara ya mizigo, mji hadi mji, kusini, na magharibi mpaka kwenye bandari walikotoka wazee wa Dada Hansa. Watawa wao walikwenda kwa miguu, wakiangalia pa kukanyaga.

Na kuna msichana mmoja. Aliuzwa sokoni. Mke wa tajiri aliyemnunua akaona wivu, akamnyoa kichwa, akamtia minyororo miguuni. Mwalimu wao mkuu alikuwa kafunga miezi, anapita nyumba za wenye nacho na kukataa sahani zao zote. Akapokea kwa yule msichana: choroko nyeusi za kuchemsha, kwenye ungo. Baadaye huyo msichana ndiye akawa kiongozi wa watawa wanawake.

Nasra akafunga daftari. Mimi nikautazama mkoba mezani, na ncha yake nyeusi.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Aibu itakuja, sasa ni hasira. Ndiyo, nimeishia darasa la saba, lakini masikio hayahitaji cheti. Mtu analea mwanangu miaka miwili, na mimi sijui hata anakula nini?

Nimemuuliza Nasra. Hawali kitunguu, hawali saumu, na jua likizama hawatii kitu mdomoni.

Kesho siendi Shiling. Nitachemsha choroko mapema, chumvi na bizari nyembamba tu, nivae raba zangu za kitambaa, si viatu vya ngozi, nigonge kwake kabla Nasra hajaenda shule, maana sijui kama mlango ule bado utamfungukia akirudi.

Akizipokea, nitashukuru. Akizikataa, sitauliza kwa nini. Nimeshasomewa.