Mkono wa Furaha

Jumanne, Kitahana

Ile "Ndiyo, mwalimu!" yao inanikera. Kila nikiuliza darasa la tano kama wameelewa, wanaitikia wote kwa pamoja, halafu mtihani ukija wanaboronga.

Leo kwenye hesabu waliitikia vilevile, ila Furaha akabaki amenyoosha mkono. Nyumbani kwao ni Kiha tupu, na darasani hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona.

"Samahani, mwalimu. Mzingo ni nini?"

Nilidhani watamcheka. Hakucheka mtu. Nikauliza nani mwingine hajui. Ukapanda mkono mmoja, kisha mwingine, hadi zaidi ya nusu ya darasa. Na wiki mbili nzima tunakokotoa mzingo!

Tukatoka, tukalizunguka shamba la maharage la shule, Furaha mbele akihesabu hatua kwa sauti. Tuliporudi darasani walijua mzingo ni nini. Nimefurahi kweli.

Mchana, kwenye kikao cha walimu, mwalimu mkuu alitusomea waraka kuhusu upimaji wa umahiri, akauliza kama tumeelewa.

Tukaitikia wote. Mimi nilikuwa sijaelewa kitu, na mkono wangu ulibaki mezani.